Kibano cha Silinda ya Tatu

Tulibadilisha gasketi mara tatu.
Mara tatu ndege ikarudi kutoka mabondeni
tumbo jeusi, linang'aa
kama sufuria ya msibani.
Bi Ercilia akazima injini, akashuka,
akapitisha kidole chini ya ubavu
akatuonyesha.
Kidole kile kilikuwa barua tosha.

Keshokutwa alikuwa na hamira ya kupeleka Villa Quelén,
vifurushi vya wiki mbili,
na daktari wa meno anayeogopa kuruka.
"Nusu lita kwa saa," alisema.
"Milima hainikopeshi."

Fundi Baldomero ana miaka thelathini na nane katika banda hili.
Upepo wa Patagonia hugonga mabati kama mdai
naye hageuki.
Akasema: gasketi.
Akasema tena: gasketi.
Mimi nikashika taa.

Lakini oili haionyeshi ilipoumia.
Ikichungulia tu, upepo wa rafadha unaishika mkono,
unaikimbiza nyuma, unaipaka kwa majirani,
kila bolti inalaumiwa,
na mwenye kosa yuko mbele, mkavu, anatazama.

Usiku, alipokwenda kwake kunywa supu,
niliiosha injini kwa mafuta ya taa na brashi ya viatu,
pezi kwa pezi,
hadi ikabaki na aibu ya kitu kilichovuliwa nguo.
Nikafungua mkoba wa mwanangu
nikatoa poda yake.
Nikanyunyizia silinda zote nne, mirija, vifuniko,
banda zima likanukia mtoto aliyetoka kuoga.

Nikaisukuma nje, nikaweka magogo kwenye magurudumu,
nikaiwasha dakika sita gizani.
Nikazima. Nikasubiri rafadha isimame kabisa.
Nikaingiza taa.

Weupe. Weupe. Weupe.
Na chini ya silinda ya tatu
uzi mmoja wa kahawia,
mwembamba kama unywele ndani ya wali,
ukianzia kwenye kibano cha lile bomba la mpira
lirudishalo oili nyumbani.
Nikakigusa. Kikazunguka.
Kwa vidole tu, bila bisibisi.

Namjua aliyekifunga.
Novemba, kwenye ukaguzi wa mwaka;
taa nilishika mimi, siku hiyo pia.
Mikono yake ilikuwa inatetemeka,
akasema ni baridi,
na Novemba huku maua yanafunguka.

Bomba jipya lilikuwa kwenye droo ya chini.
Kibano kipya, bei ya mkate.
Mzunguko, mzunguko, nusu mzunguko,
basi. Ukizidisha unakata mpira,
na hilo alinifundisha yeye.

Asubuhi alikuta kadibodi niliyoitandaza chini ya injini.
Akaiinua, akaitazama pande zote mbili
kama mtu anayetafuta saini.
Akanusa hewa.
"Nani kaleta mtoto humu?"
Sikujibu.
Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, bila kuuliza wapi,
akakivuta kile kibano. Hakikusogea.
Akaenda kuchemsha maji.

Kitabu cha injini kilikuwa wazi juu ya pipa.
Nikaandika tarehe, saa za injini,
kisha kalamu ikagoma kwenye kitenzi.
Hakikukazwa?
Kililegezwa?
Nikaandika: kibano kilikuwa kimelegea,
kana kwamba vibano hulegea vyenyewe,
kama jioni.

Akaja na kikombe chake, akasoma.
Akasoma tena.
Kikombe kikawa kinagonga kisahani, ti-ti-ti-ti,
hadi akakiweka chini.
Akasogeza kitabu upande wangu,
kidole juu ya ule mstari wa fundi
ambao tangu niingie hapa una jina moja tu.
"Weka lako."

Nje, Bi Ercilia alikuwa anampakia daktari wa meno,
anamfunga mkanda,
anamwambia afungue mdomo, apumue.