Hatua Arobaini na Moja

Jana tulifika hatua arobaini na moja,
mimi na wewe, Trapo,
kutoka kizingitini hadi kona ya duka la mikate la Abelino.
Nilizihesabu kwa sauti ya chini
kama mtu anayehesabu fedha mbele ya wageni.
Mkia wako ulikuwa umeshuka, ila hukuufyata.
Ulinusa nguzo ya taa, ukaikojolea kidogo,
saini ya mtu asiyejua kuandika.

Usiku nikaandika daftarini: wiki ya kumi na moja, 41.
Nikapigia mstari mara mbili.
Kiburi hicho!

Leo upepo wa Punta Arenas,
huu unaotufanya watu wazima tushikilie nguzo kama walevi,
umeng'oa bati la jirani yetu Jerka
ukalibwaga barabarani
mbele ya pua yako.
Ulitoa kilio ambacho sikujua mbwa anacho.
Ukachomoka kwenye mkanda,
ukakimbia,
nyumbani, ashukuriwe Mungu, nyumbani,
ukaukwaruza mlango hadi rangi ya bluu
ikaingia kwenye kucha zako.

Sasa uko chini ya cherehani.
Vipande vya kondoo nilivyokuwekea vinaganda mafuta.

Nitakiri: nilikasirika,
na hasira haikuwa ya bati.
"Wiki kumi na moja!" nilisema,
nawe ukalaza masikio,
na masikio yale yalipolala
nikajua nimekuangushia bati la pili.

Kaka yangu Remigio kapiga simu kutoka Porvenir.
"Mvute tu, atazoea.
Si ndivyo baba alivyomfunza yule farasi mweupe?"
Ndivyo.
Na farasi alizoea kweli.
Alizoea kutomtazama mtu yeyote machoni
mpaka siku tuliyomuuza.

Basi nimekaa sakafuni,
na magoti yangu yananidai kila mwaka wa sitini na mitatu yake.
Nimekuja na kazi: koti la mteja,
mkono wa kushoto umekaa upande.
Nafumua.
Cherehani imenifundisha mengi niliyokwisha kuyasahau,
hili limebaki: kufumua nako ni kushona.
Ukiinua kitambaa kwenye taa
utaona matundu ya sindano yamejipanga,
njia nzima ipo,
uzi umetoka tu.

Lakini wewe si koti.
Koti haliogopi.
Na koti halikuniomba kitu
pale kwenye hatua ya ishirini na tisa,
kabla ya bati, kabla ya kishindo chochote,
uliposimama, ukapiga mwayo usio wa usingizi,
ukageuza kichwa kuelekea nyumbani.
Nilikuona.
Nikavuta kamba, kidogo tu,
kwa sababu niliitaka arobaini na mbili.

Bati ni la upepo. Ile kamba ni yangu.

Kesho hatutoki.
Kesho kutwa tutafungua mlango,
tutaisikiliza barabara kama watu wanaosikiliza redio ya jirani,
tutaufunga.
Ukilamba midomo, nitarudi nyuma nawe.
Ukisimama, nitasimama,
na Abelino akituchungulia dirishani
akidhani kikongwe amesahau aendako,
na adhani.

Saa nne usiku.
Huko nje bati bado linagonga ukuta wa Jerka,
halina haraka, linagonga linapotaka.
Kila likigonga cherehani inatikisika,
maana wewe unatikisika.
Nafumua. Sikutazami.

Kisha, pembeni mwa goti langu,
pua.
Pua peke yake.
Kipande kimoja cha kondoo kinaondoka sakafuni
bila sauti.

Nachukua daftari. Naandika 0.
Naitazama sifuri ile,
naiongezea kipande kimoja, kondoo, baridi.
Sipigi mstari.