Fomu ya Wasifu

Jina: Sechelela Chidawali. Hapo sikukwama.
Elimu: nimeandika Mpwapwa, kisha Morogoro,
shahada, kisha nyingine. Mistari miwili.
Hapakuwa na nafasi ya mtungi wa mama
uliolipa ada, debe kwa debe, pombe ya mtama
ikipumua chini ya gunia usiku kucha,
nami nikidurusu kando yake kwa kibatari,
nikiichukia harufu iliyonisomesha.

Mwaka wa pili, chini ya hadubini,
niliiona chachu ikichipua vitoto ubavuni.
Wenzangu wakachora. Mimi nikaduwaa:
tulilala chumba kimoja miaka kumi.

Kazi: naotesha mizabibu chupani, Makutupora.
Kipande kama ukucha, kisu kikipitishwa motoni,
mikono ikinuka spiriti hadi chakula cha usiku.
Mwezi wa nane umeme ulikatika siku tatu;
kuvu ikala chupa mia nne na moja.
Hilo sikuliandika.

Mama alikuja Jumanne, akavua kandambili mlangoni,
akavaa koti jeupe lililompwaya,
akachungulia, jicho la pili kalifumba kwa kidole.
"Ndio hawa?" akauliza. "Nilidhani ni wakubwa."

Mambo uyapendayo: nimefuta mara tatu.
Netiboli, nafasi ya mfungaji, goti bovu.
Kufungua redio mbovu na kuzifunga zikiwa bado mbovu.
Na Jumamosi, upepo ukipigapiga bati,
kukoroga mtungi wa mama kwa mwiko mrefu,
kisha kuinamisha sikio:
imeanza kusema,
au bado.