Siki na Klorini

Mwezi wa tatu, upepo wa kusini hurudi Jiangmen
na kuta za nyumba hutoka jasho kama mtu mwenye homa.
Ngazi zinateleza. Njiti za kiberiti hazishiki. Soksi
nilizoanika Jumatatu, Alhamisi bado zinalia mkononi.
Asubuhi ukungu hukaa mtoni;
jioni umeshahamia bafuni kwetu, kwa jina lilelile,
ila sasa ni mweusi
na una vidole.

Kwetu Lanzhou taulo hukauka kabla hujamaliza kuchana nywele.
Sikujua kwamba ukuta unaweza kuota ndevu.
Kidoa cha kwanza nilikiona juu ya bomba la maji moto,
kidogo kama punje ya ufuta.
Nikakifuta kwa kidole, nikajiona shujaa.
Wiki haikwisha, kikarudi na ukoo wake.

Mavyaa akasema: siki.
Siki ya mchele, kikombe kizima, ilale usiku kucha.
Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake,
na hakuna Huang aliyekufa kwa kuvu.
Tena madirisha yafungwe: upepo huu ni mwizi wa ajabu,
haondoki na kitu, anakuachia maji.
Mimi nikasema: klorini.
Hakunijibu. Aliliambia birika,
“Mke wa Guohao anataka kuniogesha katika bwawa la shule.”
Tangu arusi, humu ndani, sijawahi kuwa na jina.

Vita havikutangazwa.
Usiku nilisikia ndara zake, chap, chap,
kisha mswaki mkuukuu
ukikwangua saruji kati ya vigae.
Alfajiri nami niliingia na chupa yangu.
Kila mmoja, akiona weupe umeongezeka, alijipongeza.
Guohao, katikati yetu, alioga haraka akaenda kazini.

Jumapili moja yeye alizidisha, na mimi nikazidisha,
wala sikusuuza.
Kilichopanda kutoka sakafuni
kiliingia puani kama sindano,
kikashuka kooni, kikafunga mlango.
Nilitaka kuita, nikakohoa.
Naye alikuwa amesimama pale pale nje,
amekuja kuchungulia kama siki yake imeshinda.
Alivuta pumzi moja tu.

Tulifika roshani tumeshikana mikono,
sijui nani alimshika nani,
mimi na taulo, yeye na ndara ya mguu mmoja,
macho yakitutiririka kama kuta.
Kisha akarudi, mdomo kaufunika kwa kanga ya shingo yake ya hariri,
akafungua dirisha la jikoni, la sebule,
la chumba chake, lililozibwa kwa gazeti tangu mwaka jana.
Kusini yote ikaingia.

“Ulimwaga lini?”
“Sasa hivi. Na wewe?”
“Usiku.”
Akacheka, kikohozi kikamkata, akacheka tena.
“Ruizhi,” akasema, “tungekufa wasafi.”

Kuta zililia siku nane.
Mlangoni pa bafu pana karatasi, mwandiko wake:
tarehe shufwa siki, tarehe witiri klorini,
na baina yake maji, maji, maji.
Karatasi yenyewe imeanza kuota kawa pembeni.

Jana nilikiona kingine, palepale juu ya bomba.
Ufuta.
Sikukigusa. Nilimwita aje akione.
Akaja na miwani.