Neno la Herufi Nane

Hukumu imekuja kwa Kiingereza, kurasa kumi na moja,
nami nalipwa kwa ukurasa kuirudisha nyumbani.
Chumba changu kiko juu ya duka la pembejeo, Moshi mjini;
harufu ya dawa ya mibuni hupanda ngazi
ikakaa juu ya karatasi kabla yangu.
Nilikwenda vizuri hadi aya ya tisa.
Hapo hakimu ameweka neno moja, herufi nane,
mbele ya kosa la Aminieli,
na kalamu ikagoma.

Niliandika *la waziwazi*. Nikafuta.
Hata mlango huwa waziwazi.
Niliandika *kubwa*. Si ukubwa.
Aibaye ng'ombe watatu usiku ameiba pakubwa,
ila neno hili halimkai:
kangoja giza, kavua viatu,
bado analipa kodi kidogo kwa macho yetu.
Kamusi nene inasema asili yake ni kuwaka,
moto uonekanao toka mbali.
Sawa. Lakini moto ukionekana watu hupiga yowe, hubeba ndoo.
Siku ile kule Uru hakuna aliyebeba kitu.

Ilikuwa Jumapili, saa saba mchana,
watu wakishuka kutoka kanisani na viatu vyao vya Jumapili.
Aminieli aling'oa masale ya mpaka,
mpaka wa Ndeanasia, mjane wa kaka yake,
moja baada ya jingine, akipiga mluzi,
akayapanda upya hatua kumi na nne ndani ya kihamba.
Mibuni ishirini ikalala kwake.
Waliopita aliwasalimia kwa majina.
Kisha akabisha hodi kwa mwenye shamba,
akaomba maji ya kunywa.
Akapewa.
Akasema hayana ubaridi.

*La macho makavu*, niliandika mwishowe,
nikalisoma kwa sauti, likanikaa mdomoni.
Lakini namjua karani wa baraza:
atauliza macho yameingiaje kwenye kesi ya ardhi.

Alhamisi Ndeanasia alipanda ngazi, kafunga kanga mbili,
kuulizia karatasi yake.
Nikamwambia limebaki neno moja.
"Linasemaje?"
Nikamwambia ndilo ninalolitafuta.

Akakaa. Akatazama dirishani kitambo.
"Jana alikuja," akasema. "Kashika jani la isale, kalifunga fundo.
Kaomba msamaha.
Kwetu jani hilo halikataliwi, unajua.
Nikanyoosha mkono.
Halafu nikaliona tone la rangi ya buluu,
rangi tuliyopakia dirisha, mimi na marehemu,
ikadondokea masale ya pembeni.
Mwanangu, ni jani langu.
Kaniomba msamaha kwa jani langu."

Chini, mtu alikuwa akibishana bei ya pampu.
Niliacha nafasi mbele ya kosa,
upana wa herufi nane,
nikamwomba mama arudie tena,
polepole, niandike.