Mgonjwa wa Saa Tatu Usiku

Aliletwa amelala, plasta mwili mzima,
watu sita na toroli la kubebea saruji.
Dokta Semhando, daktari wa mawe, si wa watu,
alinong'ona kana kwamba wodi nzima ingeamka:
"Ametoka machimbo ya Pongwe. Polepole, Bwana Kaoneka."

Fomu ya eksirei ina visanduku viwili vya umri.
Wake ulidai tisa.
Jina: hakuna. Jinsia: tuliacha wazi.
Aliyemleta: nikaandika Singano,
dereva wa katapila, aliyezima injini
kwa kuwa aliona goti.
Wenzake walimcheka. Goti, kwenye chokaa!

Nimetazama mifupa miaka ishirini na mmoja:
ya bodaboda, ya minazi, ya ngumi za waume.
Naujua uliovunjika ukabaki hivyo
na uliovunjika ukaunga.
Ubavu wa tatu, kushoto:
uvimbe, kama fundo la muwa.
"Huyu alipona," nikasema.
Semhando akakaa sakafuni.

Yeye alikuwa na habari za ngozi,
magamba madogo kama punje za mtama,
na za tumbo: majani yasiyowahi kusagika.
Tope laini lilimfunika upesi, alisema,
hewa haikupita, uozo haukualikwa.
Mifupa mitupu humwambia urefu tu, na uzito wa kukisia.
Tumbo lilimwambia asubuhi ya mwisho.
Sasa ubavu ukaleta miezi mizima kabla yake,
ya kupumua kwa maumivu
na kula hivyo hivyo.

"Nani alimlisha?"
"Labda hakuna. Labda wenzake walimngoja."
"Alilia vipi?"
"Sijui."
"Rangi?"
"Kuna chembe nyeusi mgongoni. Labda."
Nilizipenda labda zake.
Madaktari wetu hawanazo,
au wanazificha kwenye mwandiko.

Saa saba walimfunga tena, wakamtoa
kwa mlango wa maiti, ndio mpana.
Kwenye daftari nikaandika: *Ameruhusiwa.*

Nyumba yangu ya Mikanjuni
imepigwa plasta ya saruji ya chokaa ile ile.
Ni magoti mangapi yalipita
dereva akitazama simu?
Ukuta wa chumbani una ufa.
Sikuwasha taa. Nilipitisha kidole kando yake, taratibu,
nikitafuta mahali palipounga.