Mshono

Kaa hapa, Kinga, mgongo uelekee jiko.
Usiinue mikono. Nitakufungua mimi.
Theluji imelala dirishani tangu Jumapili,
Łódź nzima inatembea kwa kuvuta miguu,
na tramu yako leo inaendeshwa na mtu mwingine.

Sidiria ya hospitali ina vishikizo mbele, kumi na kimoja.
Navijua kwa vidole tu, bila macho:
miaka kumi na tisa nilishona nguo za wake za watu
mpaka kiwanda kikafungwa, kikageuzwa maduka.

Sitasema kitu.
Nilisema yote Novemba, nikaigonga meza,
sukari ikamwagika mpaka kwenye slipa zako.
Ukaifagia kimya. Kisha ukasema
umenyonyesha wawili, na kifua kimebaki
kama mifuko ya koti iliyopinduliwa nje,
na pesa ni zako, za zamu za usiku.
Basi. Yaliishia hapo.
Leo nina sabuni isiyonukia, maji ya uvuguvugu,
na taulo niliyoipiga pasi pande zote mbili.

Daktari aliandika: siku mbili pasiguswe na maji.
Leo ni ya tatu.
Yapite juu, yashuke yenyewe.
Nisisugue. Niguse, niondoe. Niguse, niondoe,
kama tulivyokausha hariri iliyolowa chai
kabla msimamizi hajarudi.

Ngoja nivae miwani.

Hapa, kwenye kunjo la chini, urefu wa kidole changu cha shahada.
Uzi umepita ndani, hauonekani,
hatua zake sawa, pembeni hapakuvutwa.
Nilitaka kumchukia huyu mtu, Kinga,
lakini ana mkono.
Kiwandani tungemweka kwenye kola.

Kushoto pako safi.
Kulia, mwisho wa mshono, pana wekundu kidogo.
Usitetemeke, maji yatamwagika.
Naweka mgongo wa mkono wangu: si moto.
Hapatoi usaha, hapanuki.
Kipimajoto kinasema thelathini na sita nukta nane.
Nipe ile kalamu ya buluu ya watoto.
Nachora mpaka kuzunguka wekundu, kama ninavyochora kwapa la gauni.
Ukiuvuka mstari huu, tunapiga simu,
hata iwe saa nane usiku, hata akikasirika.

"Sisikii kidole chako," unasema.
Kwenye karatasi wameandika ganzi itakaa miezi.
Naendelea kugusa, naondoa, polepole zaidi,
kwa sababu ngozi isiyosikia
haiwezi kunikemea.

Wewe ulitokea hapa, chini ya kitovu changu.
Mshono wa kusimama, mnene kama wa gunia,
uliopigwa na mtu aliyekuwa anawahi nyumbani.
Hakuna aliyeniosha. Baba yako alikuwa Gdańsk,
mama alikuwa na aibu ya kutazama.
Niliinama mwenyewe juu ya karai, maji baridi,
na Jumatatu moja mapema mno nikarudi kwenye cherehani,
damu ikafika kwenye aproni.
Sikukuambia Novemba. Nilizungumzia bei.

Hizi plasta nyembamba tuziache.
Zitabanduka siku zikitaka, si siku tukitaka.
Utalala chali, mito mitatu, kama malkia mwenye mafua.
Sufuria asishike mtu ila mimi.
Wanao watakaporudi shule watataka kukurukia;
nimeshawaambia wakumbatie magoti.

Nafunga kishikizo cha mwisho.
Mchuzi wa kuku unachemka, mfuniko unagongagonga.
Nje kengele inalia kwenye kona, chuma kinalia juu ya chuma,
nawe unageuza shingo, shingo tu, mabega yametulia,
unaangalia saa ya ukutani.

"Namba kumi na mbili," unasema. "Dakika nne nyuma."