Milioni Moja na Moja

Chupa ya milioni waliipigia makofi,
Otari akaivisha utepe, mkurugenzi akapigwa picha.
Iliyofuata ikapita kimya mbele ya Tsiala,
zamu ya usiku, kiwandani Kutaisi.

Moja huku, moja kule, sifuri tano katikati:
isome kutoka mlango wowote, ni ileile.
Akaigawa nyuma ya risiti ya mkate.
Kwa tatu: zinabaki mbili.
Kwa saba, mbili. Kwa kumi na moja, mbili.
Kwa kumi na tatu, mbili tena, ving'ang'anizi
kama vikombe alivyoacha Zaza kwenye sinki.

Hii haina wazazi, akasema.

Alfajiri akajaribu mia moja na moja.
Ikafunguka bila kelele:
elfu tisa, mia tisa na moja.
Chini ya mstari, sifuri.
Akavua glavu.